Mashine Iliyokula kwa Adabu

Gurudumu lilikuwa baridi. Hilo ndilo lililokuwa jambo la kwanza, nalo lilikuwa dogo mno hata Fundi hakulipa nafasi kichwani mwake. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini, na vyuma vyote katika lile rundo la mashine mbovu nyuma ya shamba vilikuwa vimepata moto wa kuunguza. Lakini gurudumu lile zito, lililobaki kwenye mashine ya zamani ya kufunga majani makavu, Fundi alilikumbatia kifua wazi akahisi kama amekumbatia mtungi wa maji.

"Afadhali hili," alisema. "Haliunguzi."

Shemeji yake alirudi nyuma hatua moja. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, na mtaa mzima ulimwita Mshauri, kwa sababu kila kazi alikuwa na ushauri nayo, ila mikono ya kuifanya hakuwa nayo.

"Shemeji, chuma kinachokaa juani na hakipati moto, mimi singekiamini."

"Wewe huamini hata ngazi."

"Ngazi iliwahi kunidondosha."

"Shika upande ule tuinue."

"Nashika kwa macho," alisema Mshauri, na kweli alishika kwa macho mpaka gurudumu likafika kwenye mkokoteni.

Fundi alikuwa mchomeleaji. Karakana yake ilikuwa uani mwa nyumba, banda la mabati lenye meza moja ya chuma na sakafu iliyojaa madoa ya moto. Upande wa pili wa ua huohuo palikuwa na tanuri la matofali la mkewe, ambaye watu walimwita Mama Mikate. Tanuri lile lilitaka kuni fupi, za shibiri moja, maana kuni ndefu zilizuia mlango wake kufunga na joto likapotea. Kuni zenyewe zilikuwa matawi yaliyopogolewa kwenye mashamba ya matunda. Mama Mikate aliyakata mwenyewe kwa shoka, tawi baada ya tawi, kwa miaka kumi na mmoja, mpaka siku shoka lilipogonga fundo la mti, likaruka, na kifundo cha mkono wake wa kulia kikapinda vibaya.

Daktari alimfunga bendeji, kisha akasema maneno ambayo Fundi aliyasikia akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama, mkono huu ukipata pigo jingine, vidole havitakunja tena. Hutashika hata kijiko, sembuse donge la unga."

Walipofika nyumbani Fundi akasema, "Nitakutengenezea mashine ya kukata kuni. Nipe wiki moja tu."

Mkewe akamtazama. "Au ulishike shoka wewe, mume wangu?"

"Mimi ni fundi. Fundi hakati kuni. Fundi anatengeneza kitu kinachokata kuni."

Mama Mikate akacheka, akaachia hapo. Alikuwa ameolewa muda wa kutosha kujua jibu lipi la kulijibu na lipi la kuliacha lipite.

Mpango ulikuwa mzuri. Ekseli ya trekta ingebeba kisu kinene kilichochongwa kutoka springi ya lori. Gurudumu zito lingekipa nguvu. Injini ndogo ya dizeli, iliyowahi kusukuma pampu ya maji, ingezungusha vyote kwa mkanda. Mbele yake kungekuwa na mdomo wa chuma. Unasukuma tawi ndani, kisu kinapita, kipande cha shibiri kinaanguka upande wa pili. Unasukuma tena. Hata mtu mwenye mkono mmoja angeweza.

Wiki ikapita na mashine haikuzunguka.

Wiki ya pili ikapita. Beringi ziliingia vizuri asubuhi, na mchana zilikuwa zimekaza kama zimemwagiwa saruji. Bolti mpya zilikatika shingo moja baada ya nyingine. Mkanda ulitoka kwenye puli, ukarudishwa, ukatoka. Fundi alipima, akapima tena, na vipimo vilikuwa sawa, na palepale alipowasha injini, gurudumu lilikaa kimya kama mtoto aliyenuna. Injini ilinguruma, ikatoa moshi, ikazima. Kila ilipozima, harufu ya kucha zilizoungua ilipita puani mwake. Akakagua nyaya. Akakagua mkanda. Hakuona kilichoungua.

Wiki ya tatu Mshauri alikuja akakaa juu ya debe.

"Kwa siku hizi zote," alisema, "ungekuwa umeshakata msitu."

"Nenda nyumbani."

"Nasema tu. Mtu na shoka, saa moja kila siku..."

"Shemeji, nitakutupia spana, na safari hii sitakukosa."

Mshauri akaondoka, lakini ndani ya ukimya alioacha, Fundi akasikia kitu kilichomuuma kuliko ushauri wowote. Kutoka upande wa tanuri ulikuja mlio wa shoka. Mlio dhaifu, usio na mpangilio. Akachungulia. Mkewe alikuwa ameshika shoka kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia, wenye bendeji, ulikuwa umeegemea mpini kuusaidia. Kila pigo lilimfanya afumbe macho.

"Wateja wanataka mikate," alisema alipomwona. "Nifanyeje?"

Fundi alirudi bandani, akawasha injini kwa mara ambayo hakuihesabu tena, akaiona ikinguruma na gurudumu limekaa palepale, na hasira ya wiki tatu ikampanda kutoka miguuni hadi kichwani. Akalipiga teke.

Sasa, msomaji, sikiliza jinsi mafundi wanavyozungumza. Kwao kila kitu hula au huliwa. Tairi limeliwa. Beringi imeliwa. Kisu kikikata vizuri wanasema kinakula, na kikikataa wanasema hakitaki kula. Ni lugha ya kazi tu, haina ubaya. Fundi aliitumia kila siku bila kuifikiria, na siku ile aliitumia kwa sauti ya juu, na machozi ya hasira yakiwa machoni.

"Kula basi!" alipiga kelele. "Kula chochote unachotaka, mradi uzunguke!"

Gurudumu likazunguka.

Lilianza taratibu, bila kukwama, bila mlio, kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi. Fundi akasahau hasira yote. Akachukua tawi nene kama mkono wa mtu, akalisukuma mdomoni mwa mashine. Tap. Kipande kikaanguka. Tap. Kipande kingine. Kisu kilipita kwenye mti kama kwenye tango. Mkewe alikuja mbio, akaona, akaweka shoka chini, na akalia kidogo kwa furaha huku akiupapasa mkono wake wenye bendeji.

"Mume wangu, samahani kwamba nilicheka."

"Cheka," alisema Fundi. "Mama Mikate, cheka unavyotaka."

Kwa siku nne walikuwa watu wenye raha.

Siku ya tano ufagio wa uani haukuonekana. Fundi aliukuta karibu na mashine. Mpini wake ulikuwa umekatwa vipande vya shibiri moja moja, na vipande vimepangwa pembeni kwa uangalifu, kama mtu mwenye adabu anavyopanga mifupa kando ya sahani yake. Akamshuku Mshauri. Mshauri akaapa kwamba tangu azaliwe hajawahi kushika ufagio, na hilo kila mtu alijua kuwa ni kweli.

Siku ya sita ulikuwa mpini mrefu wa kibao cha kutolea mikate tanurini. Siku ya saba mguu wa kiti. Tena injini ilipozimwa gurudumu lilichelewa kusimama. Kwanza dakika tano, kisha nusu saa, na mchana mmoja Fundi alipomaliza kula na kurudi bandani alilikuta bado linazunguka polepole, na ile harufu ya kucha zilizoungua imejaa hadi kwenye mabati.

Mama mkwe wake ndiye aliyeeleza yaliyobaki, bila kujua kwamba anaeleza. Bibi huyu aliishi nao, na macho yake yalikuwa na ukungu. Aliona vivuli na mwanga, basi. Walikuwa wamekaa barazani, yeye akitafuta fimbo yake kwa kupapasa.

"Mwanangu," alimwambia Fundi, "huyo mgeni wako wa bandani ana malezi mazuri."

"Mgeni gani, Mama?"

"Huyo anayekula kule. Kila nikipita ananikaribisha. 'Karibu,' ananiambia, 'karibu.' Sauti ndogo, ya heshima. Namjibu, starehe baba, mimi nimeshiba. Vijana wa siku hizi wangapi wanakumbuka kumkaribisha mtu chakula?"

Fundi akamsogelea. "Mama," alinong'ona, "fimbo yako uliiacha wapi?"

"Niliiegemeza pale, nilipokuwa nazungumza naye."

Fundi hakuhitaji kwenda kuangalia, lakini alienda. Fimbo ilikuwa vipande sita, vimepangwa. Akasimama karibu na gurudumu akazuia pumzi ili asikie, na ndani ya mzunguko wake, pale kisu kilipopita kwenye mdomo wa chuma, akasikia neno likijirudia chini kabisa, taratibu na kwa upole: karibu, karibu, karibu.

Akafungua mkanda. Gurudumu likaendelea. Akaitoa injini yote, akaiburuta hadi uani. Likaendelea. Wiki tatu alikuwa amelia ili lizunguke, na sasa alilia ili lisimame. Akachukua mtaimbo akauchomeka kwenye kisu kwa nguvu zake zote. Tap. Tap. Tap. Mtaimbo wa chuma ukawa vipande vya shibiri, na mikono yake ikabaki imeshika hewa.

"Usile!" alipiga kelele. "Acha! Simama!"

Karibu, karibu, karibu.

Alitoka kwenda kumtafuta Mshauri, kwa kuwa mtu aliyeshindwa na kila kitu huenda hata kwa shemeji. Hakumkuta, akageuka, na alipoingia tena uani aliona mlango wa tanuri uko wazi na moto umeachwa peke yake na donge la unga limelala mezani lenye alama za vidole vya mkono mmoja tu, na mkewe, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuacha moto hata kwa kufungua mlango wa mbele, hakuwepo mezani wala barazani wala chumbani, na Fundi akaanza kukimbia kabla hajajua anakimbilia wapi, akavuka ua, akaingia bandani, na pale, mbele ya mdomo wa chuma, Mama Mikate alikuwa amepiga magoti, uso wake umetulia kama wa mtu anayesinzia, na mkono wake wa kulia umelazwa ndani ya mdomo ule, na ncha ya bendeji imeshavutwa, imeshakatwa, vipande vidogo vya kitambaa cheupe vikipangwa kimoja kimoja upande wa pili.

Akamrukia kiunoni akamvuta. Wakaanguka pamoja sakafuni. Kisu kikapita mahali ambapo vidole vilikuwa.

"Alinikaribisha," mkewe alinong'ona, macho yakimrudia taratibu. "Nikasema ahsante, nakuja. Mume wangu, kwa nini nilisema nakuja?"

Mshauri alikuja jioni ile, jua halijazama, akasikia yote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ushauri wake ukafuatwa. Alimleta mganga. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyovunjika mkono mmoja, ulioshikizwa kwa uzi, na hakuja na moshi wala kibuyu. Alikaa juu ya debe, akalitazama gurudumu kwa muda, kisha akamgeukia Fundi.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nani?"

"Usinichoshe. Majini hawaingii kwa mlango, wanaingia kwa maneno. Uliwahi kusema kitu mbele ya chuma hiki. Nipe neno kwa neno."

Fundi akamwambia. Alipofika kwenye "chochote unachotaka", mganga alivua miwani.

"Umemkuta mwenye njaa ukamwambia ale chochote anachotaka. Nyumbani kwako, kwa kinywa chako. Hajaiba kitu. Amekula taratibu, amepanga makombo, na kila anayepita amemkaribisha. Amekuwa mgeni mwema kuliko mimi." Akavaa miwani tena. "Na sasa amechagua anachokitaka. Amekitaka mkono wa mkeo, naye mkeo amesema nakuja."

"Mfukuze," alisema Fundi. "Nakuomba, mama. Mfukuze."

"Siwezi kumfukuza aliyekaribishwa. Lakini aliyesema 'chochote' anaweza kutaja kitu. Taja kitu kimoja badala ya vyote. Akikikubali, mengine yote anayaacha."

Fundi akaligeukia gurudumu. "Kula mashine yako mwenyewe." Halikupunguza mwendo. "Kula karakana yangu, mabati, meza, kila kitu." Likaendelea. "Kula..." Akatafuta, akakosa. Nyuma yake mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kwa nguvu, kwa sababu ulikuwa umeanza kuinuka wenyewe.

"Harakisha," mganga alisema kwa sauti ya chini.

"Nataja nini sasa? Nimetaja kila nilicho nacho!"

"Hujataja."

Mkono wa Mama Mikate ukanyooka kuelekea mashine. Mshauri akamshika dada yake kiunoni kwa mikono yote miwili, naye akaanza kuburutwa, viatu vyake vikikwaruza sakafu.

"Shemeji!" alilia. "Sema kitu!"

Hasira ikampanda Fundi, ileile ya siku ile, kutoka miguuni hadi kichwani. Hasira juu ya bolti, juu ya beringi, juu ya wiki zote zile, juu ya mdomo wake mwenyewe. Akakunja mkono wa shati, akauingiza mkono wake wa kulia ndani ya mdomo wa chuma hadi kwenye kiwiko, akafumba macho.

"Basi chukua wangu!" alisema. "Chukua mkono wangu, umwache!"

Gurudumu likasimama.

Halikupunguza mwendo, lilisimama ghafla, na ukimya ukaanguka bandani kama gunia. Fundi akafumbua macho. Kisu kilikuwa kimetulia juu ya ngozi yake, kimegusa, hakijakata. Hakukuwa na tone la damu. Nyuma yake mkono wa mkewe ulishuka ukaning'inia, na Mama Mikate akakunja vidole vyake, kimoja kimoja, vyote vitano, akaanza kulia.

Mshauri akapiga kelele ya furaha. Mganga hakupiga. Aliinuka kutoka kwenye debe akamkaribia Fundi.

"Ulisema kula," aliuliza, "au ulisema chukua?"

Fundi akafikiri. "Chukua, nadhani. Nilisema chukua. Kuna tofauti gani?"

Mganga akautazama mkono wake kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu asiyejua la kufanya. "Ungesema kula, ungekuwa mlemavu, ukamaliza," alisema. Kisha akachukua mkoba wake akaondoka, na hakukubali hata kikombe cha chai.

Kesho yake Fundi alivunja mashine. Hakuna bolti iliyomgomea. Mchana akachukua shoka, kwa kuwa mikate ilikuwa inasubiri na hakukuwa na mtu mwingine wa kulishika, na akakata kuni za siku hiyo kwa nusu saa, zote za shibiri moja, bila kupima. Mkewe alimletea maji. Alimwambia hajawahi kuona mtu akikata kuni vizuri hivyo, na Fundi akajiona mjinga, lakini mjinga mwenye furaha.

Siku ya pili alikata za siku tatu. Siku ya nne, akinywa chai barazani, kifundo cha mkono wake wa kulia kilianza kuzunguka, polepole, upande mmoja, chai ikamwagika, naye akaukalia mkono huo ili mama mkwe asisikie kikombe kikigonga sahani. Siku ya saba alikata tangu asubuhi. Rundo likapita dirisha, likapita kimo cha mlango, likafika kwenye mabati ya banda. Matawi yakaisha. Akakata meza ya karakana. Akakata ngazi.

Mama Mikate alitoka tanurini, unga mikononi, mikono yote miwili mizima. Akasimama mbele ya rundo, kisha akamtazama mumewe, ambaye fulana yake ilikuwa imelowa na uso wake umekuwa wa kijivu kwa uchovu, na shoka lilikuwa linapanda tena.

"Mume wangu," alisema kwa upole, "kuni zimetosha hadi mwakani. Uweke basi chini huo mkono."

Fundi akamgeukia, huku nyuma yake shoka likishuka, likipanda, likishuka.

"Nauambia," alisema. "Hausikii."